Jicho la Kijaa

Asubuhi hiyo jiwe lilikuwa jepesi, na Mahalati hakulipenda hata kidogo.

Alikuwa ameketi chini uani, miguu ameitanua huku na huku ya kijaa, anatazamana na jirani yake Shifra kama walivyotazamana kila alfajiri tangu waolewe. Jiwe la juu, jeusi kama mawe yote ya Korazini, lilizunguka juu ya mwenzake likinguruma. Mpini ulikuwa mmoja, wasagaji wawili: huyu ausukume, yule aupokee na kuurudisha. Ndivyo kijaa kilivyotaka. Lakini tangu Shifra alipoanguka kutoka darini akianika tini, mkono wake wa kulia ukakauka na kujikunja kama kifaranga aliyefia ndani ya yai, kusaga kwao kulikuwa hivi: Mahalati anasukuma, Mahalati anapokea, Mahalati anarudisha. Shifra alilisha jicho la kijaa, lile tundu la katikati linalomeza nafaka. Akishalilisha, aliuweka mkono wa kushoto kwenye mpini kwa ajili ya heshima tu, na ule mbovu, uliozongwa kitambaa, akauegesha juu yake kama mfuniko.

Sasa Mahalati alilegeza bega. Jiwe halikupunguza mwendo. Akalegeza na kiwiko. Jiwe likaendelea na safari zake. Mwishowe akaacha ncha za vidole tu, kama nzi aliyetua kwenye pembe ya ng'ombe anayelima, na jiwe likazunguka, likazunguka tena, likamwaga unga pembeni kama vile halimjui.

"Umelala vizuri, shoga?" aliuliza.

"Kama mzigo," alijibu Shifra bila kuinua uso.

"Naona. Jiwe leo lina haraka zake."

"Labda mumeo Halafta amelichonga upya."

"Halafta hajaligusa tangu mvua za kwanza."

"Basi ni ngano. Ngano ya mwaka huu laini."

"Tunasaga shayiri, Shifra."

Shifra akakohoa. Ghafla jiwe likawa zito, zito kupita kiasi, kama punda aliyekumbuka kuwa yeye ni punda. Mahalati akausukuma mpini kwa nguvu zake zote na bega lake likalia kama bawaba. Hakusema kitu. Lakini kwa mwanamke wa Korazini kutosema kitu si kunyamaza. Ni kuweka akiba.

Mlango wa ua ukasukumwa akaingia Mama Tobia, mwenye tanuri, na kapu la kuni kichwani na habari mdomoni, vyote viwili vikimlemea. Mwanawe Tobia alikuwa anaoa baada ya Sabato, na tangu posa ijibiwe mama huyu hakuwa anatembea, alikuwa anapeperuka.

"Wanawake wa mpini mmoja, amani! Mnasaga? Sageni. Ila jamani huyo mbuzi wako wa maziwa, Shifra, nimepishana naye hapo nje. Mbuzi gani yule! Kiwele kama kiriba!"

"Sema Mungu amlinde!" wote wawili walipaza sauti pamoja.

"Ee, Mungu amlinde, Mungu amlinde. Nilikuwa nafika hapo."

Hakuwa anafika hapo. Mama Tobia hakuwa mbaya, ila ulimi wake ulijua kusifu na haukujua kumalizia. Na sifa isiyomaliziwa kwa jina la Mungu, kila mtoto wa Korazini alijua, ni jicho. Na jicho likikupata, maziwa hukauka, mtoto hupata homa, ukuta mpya hupata ufa. Watu waliwafunika watoto wao mama huyo alipopita, kisha wakamsalimu kwa tabasamu pana.

"Basi unga wa harusi tutausagia hapa," alisema. "Wanawake wote watakuja. Nataka mwanzo mzuri. Wimbo utaanza wewe, Mahalati. Nani mwingine? Ingekuwa zamani, mkono wa Shifra ukiwa mzima..." Akahema. "Sauti ile! Ulikuwa ukianza wimbo, jiwe linasaga lenyewe. Lakini ndiyo hivyo. Utaanza wewe."

Ndiyo hivyo. Maneno mawili, na Mahalati aliyameza kama miiba ya samaki.

Maana huko Korazini desturi ilikuwa hii, na haikuwa na mjadala: anayebeba jiwe huanza wimbo, anayelisha jicho huitikia. Zamani Shifra ndiye aliyebeba. Ndiye aliyeanza wimbo kwenye unga wa kila harusi, akakaa karibu na mama wa bwana harusi, akamegewa mkate wa kwanza. Mahalati alilisha jicho na kuitikia. Kisha dari likateleza, na kilichoanguka kwa Shifra kikatua mapajani pa Mahalati: mpini, wimbo, mkate wa kwanza, na juu ya yote jina. "Yule Mahalati anayesaga kwa ajili ya wawili." Kisimani walimpisha. Kwenye tanuri mkate wake uliingia mbele. Na yeye, tuseme ukweli, hakuwa amemwombea mwenzake mabaya; alilia siku ile kuliko wengi. Ila mtu anaweza kulilia msiba kwa jicho moja na kwa jingine akapima nafasi iliyoachwa.

Siku chache kabla ya hapo, Shifra alikuwa ameshuka Kapernaumu kununua samaki wa chumvi. Alirudi bila samaki. Mahalati alikumbuka jambo hilo sasa, akiukung'uta unga kwenye nguo. Mwanamke ashuke mteremko wote ule, aupande tena, aseme tu "nilisahau"?

Mchana wa siku hiyohiyo mlango wa Shifra ulikuwa umefungwa.

Huko kwetu milango hufungwa usiku. Anayefunga mchana ama amekufa, ama ana kitu ambacho angependa ufe kabla hujakiona. Mlango wazi ndiyo heshima ya nyumba: ingieni, tazameni, hatuna aibu humu. Mjane kama Shifra, asiye na mume wa kumsemea, ndiyo kabisa alipaswa kuuacha wazi hata upepo ukimwagia vumbi kwenye dengu. Mahalati alisimama nje akiwa na bakuli mkononi. Alikuwa amekuja kuomba chachu. Chachu yake mwenyewe ilikuwa imejaa kwenye chungu nyumbani, lakini mtu huendaje kuchungulia mikono mitupu?

Ubao wa mlango ulikuwa na ufa. Halafta alikuwa ameahidi kuuziba miaka na miaka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Mahalati alishukuru kuolewa na mvivu.

Shifra alikuwa amekaa chini ya kidirisha, ushungi umeanguka mabegani, kitambaa cha mkono kimelala sakafuni kama gamba la nyoka aliyehama. Alikuwa anasuka nywele zake. Kwa mikono miwili. Vidole vya mkono wa kulia viliingia, vikashika shungi, vikapindua, vikavuta, vikatoka, polepole, kama watoto wanaocheza mahali walipokatazwa. Akafika mwisho wa msuko, akautazama. Kisha akaufumua wote akaanza tena.

Hakuwa anajisuka apendeze. Alikuwa anasuka ili asuke.

Mahalati alirudi kwake na bakuli tupu. Moyo wake ulikuwa umejaa, ila si kwa kitu ambacho ungemgawia jirani. Hicho kitu Waswahili wanakiita roho ya kwa nini, na kweli maswali yalikuja yamepanga mstari. Kwa nini yeye? Kwa nini kimya? Kwa nini anifiche mimi, mimi niliyemlisha, niliyemsagia, niliyemfulia? Tumesikia wanaoficha maradhi. Anayeficha uzima ndiyo kwanza kijijini! Na lile swali la mwisho lilikaa begani, palepale palipouma kila asubuhi kwa kusukuma jiwe la watu wawili: kama kuna mahali mtu anashuka na kiungo kibovu akapanda na kizima, kwa nini hakunichukua?

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya maandalio. Kila siku ya maandalio, kabla ya jua kushuka na Sabato kuingia, Mahalati alimsuka Shifra. Mwenye mkono mmoja hawezi kujisuka mwenyewe. Alidhani hatakuja. Akaja, na kitana chake, ushungi wake, na nywele zimetimka ajabu, akajikalisha katikati ya magoti ya Mahalati kama siku zote.

Nywele zile zilikuwa bado na mawimbi. Mahalati aliyapitisha vidoleni. Alijua msuko wake mwenyewe kama fundi wa kuchonga anavyoujua mwandiko wake: wake ulipinda kushoto. Mawimbi haya yalipinda kulia.

Kwa hiyo amejisuka, akaridhika, akajifumua, akaja hapa nimsuke. Akavuta shungi la kwanza.

"Unaniumiza, shoga."

"Vumilia. Urembo hauji hivihivi."

"Urembo gani, na mimi mjane nafunika kichwa?"

"Basi uzuri wa chini ya kitambaa. Siku hizi vizuri vingi vinakaa chini ya kitambaa."

Mkono wa kulia wa Shifra, uliozongwa vizuri, ulikuwa umelala pajani kama mtoto anayejifanya amelala.

"Mahalati."

"Nakusikia."

Jogoo wa jirani akapiga kelele zake zisizo na saa. Mtu akacheka barabarani. Mahalati alingoja, kitana kimesimama hewani, na laiti Shifra angesema wakati ule, neno moja tu, hadithi hii ingeishia hapa na wote tungekwenda kula.

"Hakuna," alisema Shifra. "Kaza tu."

Mahalati akakaza.

Jioni, taa ya Sabato imekwisha kuwashwa, Halafta alichovya mkate kwenye dengu kwa furaha ya mtu ambaye kesho hatachonga jiwe. Alikuwa fundi wa vijaa, mwenye mikono migumu na maneno laini.

"Baba Natani," Mahalati alimwambia mumewe, "mtu akipona, si hutangaza?"

"Inategemea amepona nini. Mimi nikipona ulimi wako nitapiga tarumbeta."

"Nauliza kweli."

"Nami nakujibu kweli." Akatafuna. "Ila kuna kichekesho huko chini, Kapernaumu. Wanasema yuko mtu anaponya. Unakwenda kiwete, unarudi unaruka. Lakini akishakuponya anakukazia macho: usimwambie mtu. Basi mtu huyo anaitikia ndiyo, ndiyo bwana, na akifika njia panda tu anapiga mayowe mpaka ndege wanaruka. Mgalilaya na siri! Ukitaka neno lifike Dameski kabla ya wiki kuisha, mwambie mvuvi mmoja kwamba ni siri."

"Na aliyeambiwa akanyamaza je?"

"Huyo hayupo. Na kama yupo, basi ni mtu wa ajabu kuliko aliyemponya, na mimi na wewe hatumjui."

Mahalati alimjua. Alikuwa amemsuka nywele mchana.

Hapo ndipo wivu wake ulipopata meno mapya. Kupona, sawa, kupona huja kama mvua, humwangukia huyu na kumwacha yule. Lakini hata kutii! Galilaya nzima imeambiwa inyamaze, Galilaya nzima imeshindwa, na aliyeweza ni mmoja, na mmoja huyo lazima awe jirani yangu? Hata hapo anishinde?

Sabato nzima aliwaza. Hakusaga, hakupika, hakubeba, kuwaza hakujakatazwa. Na alichowaza kilikuwa rahisi. Siku ya unga wa harusi, mbele ya wanawake wote, Shifra atafungua kitambaa chake. Ndiyo, hicho ndicho anachosubiri, mjanja yule! Atainua mkono, wote watapiga vigelegele, Mama Tobia atalia, na mpini utarudi kwake, na wimbo, na mkate wa kwanza. Na Mahalati atarudi kulisha jicho kama kikongwe. Isipokuwa mtu amuwahi. Isipokuwa kitambaa kifunguliwe na mwingine, kwa nguvu, mbele ya macho yote: tazameni mkono mzima unaojifanya mgonjwa! Tazameni nani amekuwa akinywa jasho langu! Mwongo hashiki unga wa harusi. Hilo nalo halikuwa na mjadala.

Siku yenyewe ua ulijaa kabla umande haujakauka. Wanawake walikaa ukutani, walikaa vizingitini, walikaa juu ya kuni. Walicheka vicheko vile vinavyokatika ghafla mama wa bwana harusi akikaribia. Ngano ya harusi ilikuwa kwenye kapu jipya, imepepetwa mpaka inang'aa.

Mahalati alikuja na mtungi mdogo wa asali ya zabibu, zawadi yake kwa harusi. Ilikuwa nzito, nyeusi, aliipika mwenyewe kwa zabibu za shamba la mamaye. Alikuwa amepanga kila kitu. Shifra alisimama karibu na kijaa, mkono wa kushoto umeshika ungo. Huo ndio wakati: mkono wa kushoto umeshughulika. Kitu kikija usoni, mwili hautafuti ruhusa kwa mtu yeyote. Mkono mzima utaruka wenyewe.

"Shifra!" aliita kwa sauti ya utani. "Daka!"

Akaurusha.

Mtungi ulipaa kidogo tu juu ya vichwa vya walioketi. Mahalati hakutazama mtungi. Alitazama kitambaa. Akaona, na alikuwa peke yake kuona kwa sababu alikuwa peke yake kujua, vidole vitano vikishtuka ndani ya kitambaa, vikifunguka, vikijaa. Mkono ukaondoka kifuani kiasi cha upana wa kiganja. Halafu ukarudi. Ukarudi kwa nguvu, kama mtu anayemvuta mbwa kwa kamba. Mtungi ukampiga Shifra begani, ukaanguka, ukapasuka, na asali ikatambaa juu ya mawe meusi polepole, haina aibu.

Ua ukanyamaza. Nzi ndio waliokuwa wa kwanza kusema.

"We Mahalati!" Mama Tobia alishika kiuno. "Una wazimu? Unamrushia kilema adake? Umeanza lini kuchezea msiba wa mwenzio?"

"Mbele ya watu," mwanamke mmoja akasema.

"Na asali ya watu," mwingine akaongeza, na yeye ndiye aliyeonekana kuumia zaidi.

Mahalati alifungua mdomo. Sasa, aseme sasa! Mvueni kitambaa! Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na aliona ndani ya macho hayo jina lake likichubuka, jina lile la miaka, Mahalati anayesaga kwa ajili ya wawili. Ulimi ukamkauka. Kwa hakika siku ile kilichokauka Korazini kilikuwa ulimi wake tu.

"Jamani mnamwonea," Shifra akasema. Alikuwa anacheka, akijipangusa asali begani. "Ni mimi niliyemwambia. Asubuhi nilimwambia, 'Shoga, leo siku ya furaha, nirushie kitu, nionekane bado ninaweza kudaka kwa kushoto.' Nikasahau nimeshika ungo. Ujinga wangu. Mbona hatucheki?"

Wakacheka, kwa kuchelewa kidogo. Mama Tobia akamwita mtu alete maji. Jina la Mahalati likarudi mahali pake, likaketi, likajifunika.

Na yeye alikuwa ameokolewa, na aliyemwokoa alikuwa Shifra. Tena kwa uongo! Mwanamke asiyeweza kusema neno moja la kweli kwa shoga yake alikuwa amesema uongo mzima, mrefu, wenye ungo ndani yake, kwa ajili yake. Mahalati alitamani ardhi ifunguke, kwanza immeze Shifra, halafu ndiyo imfikirie yeye.

"Wasagaji!" Mama Tobia alipiga makofi. "Kaeni!"

Wakakaa. Miguu huku na huku ya kijaa, uso kwa uso. Shifra akachota ngano kwa mkono wa kushoto, akalilisha jicho, akaurudisha mkono kwenye mpini, na ule wa kulia, uliozongwa, juu yake. Jiwe likaanza kunguruma. Kijaa kina hiyo faida moja: wasagaji wakiinamisha vichwa wanaweza kuzungumza chini ya sauti yake, na wa nje hawasikii ila mawe.

"Mlango wangu una ufa," alisema Shifra.

"Halafta ataziba."

"Miaka yote hii hajaziba. Nilikiona kivuli chako, Mahalati. Na bakuli."

Jiwe lilizunguka.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Mahalati ilitoka kama mvuke wa chungu kilichobanwa. "Mimi?"

"Aliniambia nisimwambie mtu."

"Na mimi nimekuwa mtu lini? Mimi ni Mahalati!"

Shifra akachota ngano, akalilisha jicho.

"Nilipanda mteremko ule nikikimbia," alisema. "Samaki niliwasahau kabisa. Nilikuwa nasema moyoni, kwake tu, nitamwambia yeye tu, Mungu atanisamehe. Nikafika uani. Ulikuwa kwenye tanuri, wanawake wanakupisha. Ulikuwa umesimama vile unavyosimama. Nikaona utakavyonitazama."

"Ningekutazamaje?"

"Kama unavyonitazama sasa."

Mahalati akausukuma mpini kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na hasira hiyo ilikuwa nyingi. Mpini ukakutana na nguvu nyingine iliyokuwa inauvuta upande uleule. Jiwe likapaa. Unga ukaanza kumwagika pande zote, mweupe, mwembamba, kama moshi. Wanawake wakainuka kutazama. Bega la Mahalati halikuuma. Hapo ndipo alipogundua kwamba bega halikuuma kwa sababu halikuwa likifanya kazi. Alikuwa anabebwa. Mbele ya wanawake wote wa Korazini alikuwa amekaa na mkono juu ya mpini kwa ajili ya heshima tu, kama mfuniko, na mwenzake aliyeinamisha kichwa alikuwa anamsagia unga, anamsagia jina, akimpa bure, kimyakimya, kile ambacho yeye alikuwa amempa miaka mingi kwa kelele.

Hakujua kwamba kupewa kunauma hivyo. Na Shifra alikuwa amekaa na maumivu hayo miaka yote, kila alfajiri, akisema asante.

"Oneni mkono!" Mama Tobia alipiga ukelele, machozi ya furaha yakimtoka. "Mkono gani huo, Mahalati! Mkono wa chuma! Korazini nzima hakuna mkono kama huo!"

Akanyamaza, hakumalizia. Wanawake walisubiri. Mahalati naye alisubiri, maana sifa ile, isiyo na jina la Mungu, ilikuwa imetoka na inatafuta mkono wa kukaa. Na mkono uliokuwa unasaga ulikuwa mmoja tu, ule wa chini ya kitambaa.

"Sema Mungu aulinde!" Mahalati alisikia sauti ikisema, kali, ya haraka. Ilikuwa yake.

"Ee, aulinde, aulinde," alisema Mama Tobia. "Sasa wimbo! Anza wimbo, mama!"

Wimbo. Anayebeba jiwe huanza, anayelisha jicho huitikia. Wanawake wakanyamaza. Hata nzi, sijui, walishiba.

Na hapo, kwa mwendo ule wa jiwe, kitambaa kilianza kulegea. Ncha yake ilichomoka, ikaning'inia, ikapeperuka jiwe lilipozunguka. Zongo moja likafunguka. La pili likafuata. Kati ya kitambaa na kitambaa pakaonekana ngozi, kipande kidogo, nyororo, ya mkono ambao haukuona jua kwa miaka. Shifra hakuweza kuuacha mpini. Jiwe lilikuwa kasi. Akainua macho. Hakuomba. Alitazama tu.

Mahalati angeweza kuacha. Hakuhitaji kurusha kitu wala kusema neno. Angekaa hivyo tu, na jiwe lingemalizia kazi.

Mkono wake uliteleza juu ya mpini, ukakifunika kile kitambaa, ukakibana. Chini ya kiganja chake alivihisi vidole vitano, vya moto, vinahema kama makinda kwenye kiota. Akavibana kwa nguvu. Alikuwa anavificha au anavifinya, yeye mwenyewe hakujua, na Shifra, aliyeuma mdomo, hakuuondoa mkono.

Jicho la kijaa lilikuwa limebaki tupu, likizunguka, jeusi, likitazama juu. Wanawake wakasogea karibu wausikie wimbo. Na wale wawili, uso kwa uso, unga umewajaa kwenye kope, wote wawili walikuwa wameshavuta pumzi ya kuanza.